Simba wa Jangwani Aliyekataliwa Italia
Omar Mukhtar, mwalimu wa Kurani, alikuwa mzee wa miaka ipatayo 70 wakoloni wa Kiitalia walipomnyonga hadharani huko Soluq, Libya, Septemba 1931. Kwa takriban miaka 20 wapanda farasi wake walilihangaisha jeshi la Italia lenye ndege na magari ya deraya.

Mwaka 1981 Moustapha Akkad, mzaliwa wa Syria, alitoa filamu ya Lion of the Desert kwa fedha za serikali ya Gaddafi, kiongozi wa Libya. Anthony Quinn ndiye Mukhtar. Oliver Reed ni Jenerali Graziani wa Italia, na anatisha kwelikweli. Hata kambi za seng'enge walikofungiwa Mabedui hazikufichwa.

Italia iliipiga marufuku filamu hiyo mwaka 1982, eti inalivunjia jeshi lake heshima! Televisheni ya huko iliionyesha 2009, Gaddafi alipozuru Roma.