Mgongo Hautaki Mkao Mmoja: Mkao, Mazoezi na Maumivu Sugu ya Kiuno

Mtu mwenye maumivu ya kiuno huondoka katika chumba cha daktari, au katika mazungumzo na jirani, akiwa na ushauri uleule: akae wima, asiiname, asibebe kitu kizito. Ushauri huo hutolewa kwa nia njema. Hata hivyo, mkulima wa jembe la mkono hawezi kulima bila kuinama, mchukuzi wa sokoni hawezi kuishi bila kubeba, na mama mwenye mtoto mchanga hana namna ya kuepuka yote mawili. Asilolimudu mgonjwa kulitekeleza humwachia mzigo wa pili juu ya maumivu yake, nao ni hofu ya mwili wake mwenyewe. Mgonjwa anayeogopa kujongea hupunguza kazi, misuli yake hudhoofika, na kila jambo dogo huanza kumuumiza zaidi. Kwa hiyo swali la mkao na mazoezi ni swali la riziki na la kujitegemea.

Ukubwa wa tatizo

Kwa makadirio yanayotumiwa na Shirika la Afya Duniani, watu wapatao milioni 619 waliishi na maumivu ya sehemu ya chini ya mgongo mwaka 2020, na idadi hiyo inatarajiwa kufikia milioni 843 ifikapo mwaka 2050. Hakuna tatizo jingine la afya linalowafanya watu wengi zaidi duniani waishi na ulemavu. Maumivu huitwa sugu yanapodumu kwa zaidi ya miezi 3. Kwa takriban wagonjwa 9 katika kila 10, hakuna ugonjwa au jeraha moja linaloweza kutajwa kwa uhakika kuwa ndilo chanzo. Misuli, viungo, mishipa ya fahamu, usingizi hafifu, msongo wa mawazo na mazingira ya kazi huchangia kwa pamoja.

Wachache waliobaki ndio wanaopaswa kutambuliwa kabla ya zoezi lolote kuanza. Mgonjwa anahitaji kuchunguzwa haraka hospitalini ikiwa maumivu yameambatana na homa, kutokwa jasho usiku au kupungua uzito bila sababu, kwani kifua kikuu hushambulia pia pingili za uti wa mgongo. Hali kadhalika mwenye historia ya saratani, aliyeanguka au kupata ajali, na mzee ambaye maumivu yamemwanza ghafla. Ganzi katika makalio na sehemu za siri, kushindwa kuzuia au kutoa haja, au udhaifu wa miguu unaoongezeka ni dharura ya siku hiyohiyo. Mgonjwa wa namna hiyo hapaswi kupewa miadi ya wiki ijayo.

Je, upo mkao ulio sahihi?

Imani kwamba kuketi huharibu mgongo ina historia yake. Katika miaka ya 1960 na 1970, daktari wa mifupa wa Sweden, Alf Nachemson, alipima shinikizo ndani ya diski, yaani mito laini iliyo katikati ya pingili. Alikuta kwamba shinikizo la mtu aliyeketi bila kuegemea lilikuwa kubwa kuliko la mtu aliyesimama. Matokeo hayo yalifundishwa kwa vizazi vingi vya wanafunzi. Mwaka 1999, Hans-Joachim Wilke na wenzake wa mjini Ulm, Ujerumani, walirudia kipimo hicho kwa kifaa kilichowekwa ndani ya diski ya mtu mmoja aliyejitolea, wakamfuatilia kwa takriban saa 24. Safari hii kuketi kwa kulegea hakukuzidisha shinikizo kuliko kusimama. Lililobadilisha hali kwa kiasi kikubwa ni mzigo na umbali wake kutoka mwilini: kuinua kilo 20 kwa mgongo uliopinda kulifikisha shinikizo megapaskali 2.3, ilhali kuushika mzigo huohuo karibu na kifua kulikuwa megapaskali 1.1.

Kipimo cha mtu mmoja hakiwezi kumaliza mjadala, lakini kinaafikiana na jambo linalofahamika kuhusu diski zenyewe. Diski ya mtu mzima karibu haina mishipa ya damu. Hupata lishe kwa majimaji yanayopenya kutoka katika tishu za jirani. Hubanwa na kupoteza maji mchana, kisha huyarejesha mtu anapolala. Ndiyo sababu mtu huwa mrefu kidogo asubuhi kuliko jioni. Kiungo cha namna hii hunufaika na mabadiliko. Kukaa wima kama mlingoti kwa saa 4 kunaweza kuchosha mgongo sawa na kukaa umejikunja kwa saa 4.

Kurekebisha mkao, basi, ni kuupa mgongo nafasi nyingi za kugawana kazi. Mshonaji anaweza kuinua kiti hadi nyonga zake ziwe juu kidogo ya magoti, akasogeza cherehani karibu, na kusimama kila baada ya nusu saa. Dereva anaweza kukunja kanga au taulo na kuiweka kwenye mbonyeo wa kiuno, kisha akatembea dakika chache mwisho wa safari kabla ya kushusha mizigo. Mkulima hunufaika na mpini mrefu, kubadilisha upande wa kushika jembe, na kupokezana kulima na kazi ya kusimama. Anayefagia kwa fagio la chelewa anaweza kulifunga kwenye mti. Mchota maji hubeba kwa wepesi zaidi ndoo mbili ndogo, moja kila mkono, kuliko ndoo moja kubwa inayomvuta upande. Anayenyanyua chochote hukisogelea kwanza, hukikumbatia, kisha hutumia mapaja.

Misuli ya kiwiliwili

Kiwiliwili kimezungukwa na misuli kama pipa lilivyozungukwa na mbao: tumbo mbele na ubavuni, misuli ya mgongo nyuma, msuli wa kupumulia juu na misuli ya sakafu ya nyonga chini. Mwaka 1996, watafiti Paul Hodges na Carolyn Richardson wa Australia walionyesha kuwa kwa watu wenye maumivu ya kiuno, msuli wa ndani kabisa wa tumbo huchelewa kukaza mkono unapoinuliwa. Ugunduzi huo ulizaa mazoezi mengi ya kuulenga msuli huo peke yake. Baadaye, uchambuzi wa Cochrane wa mwaka 2016 haukuona tofauti ya maana kati ya mazoezi hayo na aina nyingine za mazoezi kwa maumivu sugu. Uchambuzi mwingine wa Cochrane, wa mwaka 2021, uliokusanya majaribio 249, ulithibitisha kwamba mazoezi hupunguza maumivu kuliko kukosa tiba kabisa. Kwa mgonjwa hii ni habari njema, kwa kuwa hahitaji zoezi la siri wala mashine. Anahitaji mazoezi anayoyaweza na atakayoyaendeleza.

Mazoezi manne yafuatayo hufanyika juu ya mkeka. Matatu ya mwisho yamejulikana sana kupitia kazi ya Stuart McGill wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada.

La kwanza ni kutikisa nyonga. Mgonjwa hulala chali, magoti yamekunjwa. Hubonyeza kiuno polepole kuelekea mkekani, kisha hukiinua kidogo, mara 10, bila kuzuia pumzi. Zoezi hili humfundisha kuhisi mgongo wake bila woga.

La pili ni kuinua kichwa na mabega. Goti moja hukunjwa na mguu wa pili hunyooshwa. Viganja huwekwa chini ya mbonyeo wa kiuno. Kichwa na mabega huinuliwa kidogo tu kutoka mkekani, bila kukunja shingo, kwa sekunde 8 hadi 10.

La tatu ni daraja la ubavu. Mgonjwa hulala kiubavu, huegemea kiwiko na magoti, kisha huinua nyonga mpaka mwili unyooke kutoka bega hadi goti. Akishapata nguvu, huegemea nyayo badala ya magoti.

La nne hufanywa kwa mikono na magoti. Mkono wa kulia hunyooshwa mbele na mguu wa kushoto nyuma, nyonga zikibaki sawa kana kwamba bakuli la uji limewekwa juu ya kiuno. Kisha upande hubadilishwa.

Katika mazoezi matatu ya mwisho, mpango rahisi ni marudio 5 kila upande, kupumzika, marudio 3, kupumzika, kisha 1. Maumivu madogo yanayotulia kufikia kesho yake yanavumilika. Maumivu yanayoshuka zaidi mguuni, ganzi mpya au udhaifu ni sababu ya kusimamisha na kumwona mtaalamu. Nafuu haitegemewi kuonekana kwa siku 3. Wiki 6 hadi 12 ni kipindi cha haki cha kupima faida. Mjamzito, aliyejifungua karibuni na aliyefanyiwa upasuaji waanze kwa usimamizi wa mtaalamu wa fiziotherapia.

Kutembea, na kurudi kuinama

Kutembea kuna nafasi yake. Jaribio lililofanyika Australia na kuchapishwa mwaka 2024 liliwafuatilia watu wazima 701 waliokuwa wamepona kipindi cha maumivu ya kiuno. Waliopewa mpango wa kutembea pamoja na elimu kutoka kwa mtaalamu wa fiziotherapia walikaa siku 208 kwa kipimo cha wastani kabla maumivu hayajarejea. Wasiopewa mpango huo walikaa siku 112. Mgonjwa aanze na dakika anazozimudu, hata kama ni 5, na kuongeza kila wiki.

Tendo lililoogopwa nalo hurudishwa kwa ngazi. Aliyeacha kuchota maji aanze kwa kuinua ndoo tupu mara kadhaa kwa siku, kisha yenye lita 3, kisha lita 5, hadi afikie mahitaji ya nyumbani kwake. Mwenda pole hajikwai: ngazi inayorukwa kwa pupa ndiyo inayomrudisha mgonjwa kitandani.

Maneno ya mtoa huduma

Mazoezi haya yote yanaweza kubomolewa kwa sentensi moja. Mgonjwa anayeambiwa kwamba pingili zake zimesagika huenda nyumbani akiamini kila hatua inazisaga zaidi. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2015, uliojumuisha picha za watu 3,110 wasiokuwa na maumivu yoyote ya mgongo, ulikadiria kuwa dalili za kuchakaa kwa diski huonekana kwa asilimia 37 ya watu wa miaka 20 na asilimia 96 ya watu wa miaka 80. Mabadiliko hayo mengi ni kama mvi za ndani. Picha ya eksirei au MRI ina thamani kubwa pale dalili za hatari zilizotajwa zinapoonekana. Pasipo dalili hizo huweza kuongeza gharama na woga.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya aina hii kwa watu wazima unapendekeza elimu, mazoezi na msaada wa kisaikolojia miongoni mwa tiba za mwanzo. Haupendekezi mikanda ya kiuno, tiba ya kuvuta mgongo, wala dawa za jamii ya afyuni kama huduma ya kawaida.

Kwa sababu hiyo, neno "fanya mazoezi" halitoshi kama vile neno "meza dawa" lisivyotosha. Mgonjwa aandikiwe zoezi gani, marudio mangapi, mara ngapi kwa wiki na lini arudi, kisha alifanye mara moja mbele ya mtoa huduma kabla ya kuondoka. Na siku ya kurudi, pamoja na kuulizwa maumivu yamepungua kiasi gani, aulizwe pia ametembea mpaka wapi, amebeba lita ngapi, na amelima matuta mangapi. Mara nyingi majibu ya maswali hayo hubadilika kabla maumivu yenyewe hayajaisha, na mgonjwa anayeyasikia kwa kinywa chake hupata sababu ya kuendelea.