Wa Kwanza Kijijini, wa Thelathini Ilboru

Januari 2023, Baraza la Mitihani la Tanzania lilipotoa matokeo ya kidato cha nne bila kutaja shule na watahiniwa kumi bora, wapo walioamini ushindani umezikwa. Haukuzikwa. Kijana wa miaka 15 hajipimi kwa taifa zima. Anajipima kwa anaokaa nao darasani.

Mwanasaikolojia Herbert Marsh amelifuatilia jambo hili tangu miaka ya 1980. Mwaka 2003, yeye na Kit-Tai Hau walichapisha uchambuzi wa vijana zaidi ya 100,000 wa nchi 26: kati ya wawili wenye uwezo sawa, anayesoma na vipanga hujiona dhaifu kuliko mwenzake wa shule ya kawaida. Marsh aliwafananisha na samaki wa kidimbwini, nami mfano huo nauhamishia pwani. Maji yakipwa, changu wa shubiri moja hubaki kwenye dimbwi la mwambani na vidagaa, naye ndiye sultani. Maji yakijaa wanaingia kolekole. Changu hajapungukiwa hata gamba, ila sasa anaambaa pembeni, na chakula alichokuwa akikiwahi anawaachia wengine. Ndivyo anavyofika Ilboru au Kibaha, sekondari za vipaji maalumu, yule aliyeongoza shule yake ya msingi: hesabu anazijua zilezile, lakini akishika nafasi ya 30 anaanza kusema "hesabu si fani yangu", na mkono hanyooshi tena.

Je, fahari ya kuvaa sare ya shule kubwa haifidii? Hufidia kiasi: utafiti wa Marsh na wenzake huko Hong Kong, uliochapishwa mwaka 2000, uliiona fahari hiyo, ila uchungu wa kulinganishwa uliizidi. Wengine watasema maksi ndizo huzaa kujiamini, si kinyume chake. Kwa kujithamini kwa jumla wana hoja: mwanasaikolojia Roy Baumeister na wenzake walipopitia tafiti mwaka 2003 hawakuona kwamba kumpamba mtoto kwa sifa kunamfaulisha. Kujiona unaliweza somo fulani ni habari nyingine: kunainua maksi, na maksi nazo zinakuinua. Basi shule za vipaji maalumu zibaki, zina walimu na maabara; kinachotakiwa kubadilika ni ripoti ya muhula. Alama ya hesabu ya muhula uliopita iwekwe kando ya ya sasa, palepale panapoandikwa "nafasi ya 30 kati ya 40".