Kusema na Mola kwa Lugha ya Nyumbani

Ombi tulisikialo zaidi baada ya sala ya Ijumaa, watu wakiwa bado wanatafuta viatu vyao mlangoni, ni hili: "Sheikh, niombee." Mmoja ana mtoto anayekabili mtihani, mwengine ana kesi ya kiwanja, wa tatu hasemi ana nini. Nasi huwaombea, kwani jambo hilo lina asili katika dini yetu. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa Muislamu amwombeapo nduguye naye hayupo, malaika huitikia na kumtakia mwombaji mfano wa hayo. Hatuwatii makosani, basi, wanaotutaka dua. Anayetutia wasiwasi ni yule aliyeyakabidhi mazungumzo yake yote na Mola kwa mtu mwengine, mpaka yeye mwenyewe akawa hana la kumwambia. Husali sala tano, hufunga, huhudhuria maulidi, hutoa sadaka. Lakini ukimwuliza ni lini alikaa peke yake akamweleza Mwenyezi Mungu yaliyomo moyoni mwake, hunyamaza. Amepewa ruhusa ya kuingia kwa Mfalme saa yoyote aitakayo, naye kila siku anatuma mjumbe.

Mara nyingi sababu si kiburi. Alitujia mama mmoja wa makamo ambaye mwanawe ameingia katika unga. Nyumba nyingi za pwani zaijua maana ya maneno hayo: sufuria zinazotoweka jikoni, simu inayouzwa, mlango unaogongwa usiku wa manane. Alitaka kombe, na alitaka tumsomee Yasini. Tulimsomea, na tukamwelekeza pia kunakotolewa tiba ya maradhi hayo, kwani kuomba hakumwondolei mtu wajibu wa kutafuta dawa. Kisha tukamwuliza: wewe mwenyewe humwambia nini Mola wako? Alitutazama kwa mshangao. "Sheikh, mimi Kiarabu sikijui. Zile nisomazo nimezihifadhi tu. Haya yangu nitamwambiaje?"

Jibu lake limo katika Kur'ani, na lilianza na ugomvi wa nyumbani.

Khawla binti Thaalaba (r.a.) alikuwa mke wa Aws bin Samit. Siku moja mumewe alikasirika, akamtamkia kuwa kwake yeye ni kama mgongo wa mamake. Tamko hilo ndilo liitwalo dhihari, na Waarabu wa zama za ujahili walilihesabu kuwa ni talaka. Khawla akaenda kwa Mtume (s.a.w.) kushitaki. Ujana wake umekwisha mikononi mwa mume huyu, amemzalia watoto, akimwachia watapotea, akiwachukua watakufa njaa. Mtume hakuwa ameteremshiwa hukumu mpya juu ya jambo lile. Khawla hakuondoka. Alirudia maneno yake mara baada ya mara, na mashitaka yake akayaelekeza kwa Mwenyezi Mungu Mwenyewe. Bibi Aisha (r.a.) alikuwa humo humo nyumbani, naye amesimulia kuwa baadhi ya maneno ya Khawla hayakumfikia sikioni. Lakini yalifika juu ya mbingu saba. Sura ya 58, Al-Mujadila, inafungua kwa kutujulisha kuwa Mwenyezi Mungu ameisikia kauli ya mwanamke huyo. Hukumu ikateremka: dhihari si talaka, na aliyeitamka asimrudie mkewe mpaka aache huru mtumwa, asipopata, afunge miezi 2 mfululizo, asipoweza, alishe masikini 60.

Na tuyatazame aliyoyasema. Watoto, njaa, uzee, mume mkali. Hamna humo hata neno moja la minbari. Imepokewa kwamba baada ya miaka mingi Sayyidna Umar (r.a.), akiwa khalifa, alisimamishwa njiani na bibi kizee, akainamisha kichwa kumsikiliza kwa muda mrefu huku watu wakingoja. Alipoulizwa, alijibu kuwa huyo ni Khawla: ikiwa Mola wa mbingu alimsikiliza, Umar ni nani hata asimsikilize?

Msomaji atasema kuwa Khawla alikuwa Mwarabu, na lugha ile ilikuwa ya kwao. Ndivyo, na hilo ndilo tulitakalo: alimwomba Mola kwa lugha ile ile aliyoongea na mumewe na wanawe. Katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 186, Mwenyezi Mungu anatueleza kuwa waja wakimwulizia, basi Yeye yu karibu. Wafasiri wamegundua hapo jambo la kupendeza. Katika aya nyingi ambazo watu waliuliza swali, Mtume ameamrishwa "sema" ndipo jibu likafuata; katika aya hii amri hiyo haipo. Jibu limekuja moja kwa moja kutoka kwa Mwenyewe.

(Ndani ya sala, maulamaa wa madhehebu yetu ya Shafi wameweka mipaka juu ya kuomba kwa lugha isiyokuwa Kiarabu, na mwenye kutaka kuijua amwulize mwalimu wake. Ukishatoa salamu, omba kwa Kiswahili, omba kwa Kigiriama, omba kwa Kibajuni.)

Wala sisi watu wa mwambao hatukukosa wa kutuonyesha njia. Mwana Kupona binti Msham, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, alitunga utendi wake mwaka 1858 akiwa mgonjwa, ili kumuusia bintiye, Mwana Hashima. Siku hizi utendi ule hutajwa kwa habari ya mume na nyumba, na ubishi huanzia hapo na kuishia hapo. Ni wachache wanaoendelea mpaka kule mbele ambako mama yule anamgeukia Mola wake, akajiombea nafsi yake, akawaombea wanawe, ndugu zake na Waislamu. Alijua dini na kusoma, lakini haja zake alizipeleka kwa Kiswahili cha kwao. Maradhi yale hayakumwacha aishi sana baadaye. Hata hivyo, asomaye sehemu ile haoni mtu aliyekata tamaa. Aona mtu aliye na wa kumwambia.

Hapo ndipo tunapotofautiana na wale wanaouza dua kwa bei, ambao furaha kwao ni kupata ulichokiomba, na usipokipata huambiwa ulete kuku mwengine. Katika Sura ya Taha, Nabii Musa (a.s.) anaulizwa ni nini kile alichokishika mkononi. Kujibu kuwa ni fimbo kungetosha. Yeye akaongeza kuwa huitegemea, huwaangushia mbuzi wake majani, na ana haja nyengine nayo. Wafasiri wanasema alirefusha kwa sababu ya utamu wa mazungumzo. Hakuwa ameomba lolote bado, wala hakuwa amepewa lolote, na alikuwa ameshikwa na baridi na giza, ametoka kutafuta moto kwa ajili ya jamaa zake.

Mama yule alirudi kwetu baada ya miezi kadhaa. Mwanawe hajauacha unga. Hatutaki kuwadanganya wasomaji wetu. Lakini uso wake ulikuwa mwengine. Akasema, "Zamani usiku nikiuogopa, nikilala nasikiliza mlango. Sasa mlango bado nausikiliza, lakini nina wa kusema Naye."

Kwa atakaye kuanza, Mtume (s.a.w.) amebainisha wakati ulio bora: theluthi ya mwisho ya usiku, ambapo Mola huuliza ni nani amwombaye ampe. Usiku wetu, kwa kuwa tuko karibu na ikweta, haurefuki sana wala haufupiki sana. Maghribi huingia karibu na saa 12:30 za jioni na alfajiri karibu na saa 11, yaani usiku wa saa 10 na nusu hivi. Theluthi ya mwisho huanza karibu na saa 7:30. Aliye mzito wa kuamka na ajikokote walau nusu saa kabla ya adhana. Wala asianze na rakaa nyingi. Asali mbili, kisha akae pale pale juu ya mswala, taa imezimwa, aanze na lile ambalo limemnyima usingizi.