Kitabu cha Sheria na Mlango wa Chama

Katika vyama vyetu vingi saa ya kusoma sheria ndiyo saa ya watu kusinzia. Mwandishi husoma upesi upesi, wanachama hupiga miayo, kisha wote huinua mikono kwamba wamekubali. Kumbe sheria hizo zaweza kumfungia mtu mlango maisha yake yote, na siku moja zaweza kumfungulia. Tuangalie mambo yaliyowapata watunza maktaba wa Kusini mwa Marekani.

Chama kikuu cha maktaba cha nchi ile kilianzishwa mjini Philadelphia mwaka wa 1876. Baadaye vyama vya majimbo vikawa matawi yake, kila kimoja na sheria zake. Chama kikuu hakikumkataza mtu mweusi: alilipa ada, akaandikwa. Lakini katika majimbo ya Kusini, ambamo weusi na weupe walitengwa shuleni, garini, na hata mbele ya makabati ya vitabu, vyama vya maktaba navyo vilikuwa vya weupe peke yao. Je, waliokataliwa walikosa nini? Walikosa mengi. Katika mikutano ya jimbo ndimo watu walimosikia habari za kazi na kujifunza ufundi mpya. Tena tawi la jimbo ndilo lililotuma mjumbe katika baraza kuu. Mtunza maktaba mweusi alikuwa mwanachama wa taifa zima, wala hakuwa na kiti katika mkutano wa nyumbani kwake.

Mwaka wa 1936 chama kikuu kilifanya mkutano wake Richmond, katika jimbo la Virginia. Wajumbe weusi waliruhusiwa kuingia ukumbini, lakini wakaketishwa mahali pao pa pekee. Hawakuweza kulala katika hoteli za mkutano, wala kuhudhuria vikao vilivyofanywa pamoja na chakula. Watu wengi walikasirika, wakaandika barua za kulalamika. Mwaka ule ule baraza likaamua kwamba tangu sasa mikutano yake itafanywa tu mahali ambapo wanachama wote watapokewa sawasawa. Kwa hiyo mkutano mkuu wa mwaka haukurudi Kusini mpaka mwaka wa 1956, Miami Beach. Uamuzi ule ulikuwa mwema, lakini ulihusu mikutano ya chama kikuu tu. Vyama vya majimbo havikuguswa.

Weusi wenyewe hawakukaa wakingoja. Katika jimbo la North Carolina, Mollie Huston Lee, mtunza maktaba wa mji wa Raleigh, aliongoza wenzake kuanzisha chama chao wenyewe mwaka wa 1934. Mwaka wa 1943 chama kile kikakubaliwa kuwa tawi la chama kikuu, nacho kilikuwa chama cha kwanza cha weusi kupata daraja hiyo. Basi jimbo moja likawa na matawi mawili, la weupe na la weusi. Mwaka wa 1954 chama kikuu kikaamua kwamba kila jimbo liwe na tawi moja tu. Huko North Carolina chama cha weupe kilifungua mlango, na chama cha akina Lee kikavunjwa ili wanachama wake waingie humo.

Mwaka wa 1962 likaja agizo kali zaidi: tawi lipokee watu wa kila rangi, ama lijitoe. Vyama vya majimbo manne, Alabama, Georgia, Louisiana na Mississippi, vikachagua kukaa nje. Hapa ndipo udhaifu wa agizo ulipoonekana. Vilipoteza jina la tawi, lakini wakubwa wa chama kikuu waliweza bado kwenda kuvitembelea na kutoa hotuba katika karamu zao. Adhabu gani hiyo?

Aliyeziba tundu hilo ni E. J. Josey, mtunza maktaba wa chuo cha weusi mjini Savannah, Georgia. Mwaka wa 1964, mkutanoni St. Louis, alisikia chama cha Mississippi kikisifiwa kwa kazi yake katika juma la maktaba, nacho kilikuwa kimejitoa kusudi kisipokee weusi. Josey alisimama akapinga. Kisha akaleta pendekezo: maofisa na watumishi wa chama kikuu wasishiriki kwa cheo chao katika mikutano ya chama cho chote cha jimbo kinachowakataa weusi. Angalieni werevu wake: hakuwaamuru watu wa Mississippi, ambao hawakuwa tena chini ya sheria ile, aliwafunga wakubwa wa chama chake mwenyewe. Pendekezo likapita. Mwaka wa 1965 chama cha Georgia kilimpokea Josey, mwanachama wake mweusi wa kwanza, na majirani wakafuata.

Mwaka wa 1976 Clara Stanton Jones akawa mtu mweusi wa kwanza kuwa rais wa chama kikuu. Mwaka wa 1984 Josey akakalia kiti kile kile. Baraza la chama liliwaomba msamaha weusi waliotengwa katika maktaba mwezi wa Juni 2018, mjini New Orleans, katika jimbo la Louisiana. Josey hakuyasikia maneno hayo. Alifariki mwaka wa 2009.