Fahamu: Yoga kwa waliofiwa

Ni nini?

Ni kunyoosha mwili taratibu, kupumua kwa mpangilio na kukaa kimya kutafakari, ili kumsaidia mfiwa kuubeba msiba wake. Hakufuti majonzi, wala hakuchukui nafasi ya matanga.

Kwa nini mwili?

Msiba haukai moyoni tu. Usingizi hupotea, kifua hubana, mabega hukakamaa, chakula hakipiti. Pumzi inayotolewa polepole hupunguza mapigo ya moyo na kuutuliza mwili, ndiyo maana mwalimu mzuri huanzia hapo, si kwenye mikao migumu. Mfiwa hulala chali, kiganja juu ya tumbo, akilihisi likipanda na kushuka. Machozi yakija, yaachwe yatoke.

Rwanda

Mradi wa Project Air, ulioanza 2007, ulifundisha yoga kwa wanawake na wasichana wanaoishi na virusi vya UKIMWI, wakiwemo walionusurika mauaji ya kimbari ya 1994 na ubakaji ulioandamana nayo. Kwa aliyeumizwa hivyo, kuuhisi mwili wake bila hofu ni hatua kubwa mno.

Mipaka

Shirika la Afya Duniani, katika orodha ya magonjwa iliyoanza kutumika 2022, linatambua huzuni kali ya kufiwa inayodumu zaidi ya miezi 6 na kuvuruga maisha kuwa ugonjwa. Hapo mgonjwa anahitaji mtaalamu wa afya ya akili. Yoga iwe nyongeza. Wengine wakifumba macho hujiwa na kumbukumbu za kutisha, na hao waruhusiwe kuyaacha wazi.