Mkasi mmoja wa bakteria: kwa nini ugonjwa mmoja unaleta madoa na mwingine unaua mmea mzima



Sisi watu wa Kivu tunaujua ule ugonjwa wa migomba kunyauka. Majani yanakuwa manjano, ndizi zinaiva mbele ya wakati, ukikata shina unaona uji wa manjano unatoka. Kwetu Masisi ulionekana tangu 2001. Mama mdogo alipopoteza shamba lake aliniuliza: “Wewe mwenye ulisoma, mbona magonjwa ingine inaweka tu madoa kwa majani, lakini hii inaua mugomba muzima?” Nilikosa jibu. Leo niko na sehemu ya jibu.

Bakteria wa ugonjwa ule ni wa jenasi Xanthomonas. Humo kuna maisha ya namna mbili. Wengine wanabaki katikati ya seli za jani na kuleta madoa. Wengine wanaingia katika mirija ya maji, na kwa njia hiyo wanatembea mmea mzima.

Ukuta wa seli za mmea umejengwa sana na selulosi, yaani minyororo mirefu ya glukozi. Ili kuila, bakteria anatoa vimeng’enya, zile anzimu za kozi ya biokimia. Kimoja kinaitwa CbsA. Ni kama mkasi: kinashika mwisho wa mnyororo na kukata glukozi mbili-mbili.

Mwaka 2020, jarida la Science Advances lilitoa utafiti uliolinganisha jenomu nyingi. Jeni ya cbsA ilionekana kwa bakteria wa mirija. Kwa wale wa madoa ilikuwa haipo, ama imevunjika. Kisha watafiti wakajaribu kwa shayiri. Walimwondolea bakteria wa mirija jeni hiyo: akabaki kuleta madoa tu. Wakampa ndugu yake wa madoa: akaanza kuingia katika mirija. Jeni moja tu!

Njo kitu nataka tushike. Tunasemaka mageuzi ya viumbe ni kuongeza, kupanda ngazi. Kumbe hapa koo kadhaa zilipoteza mkasi, kila moja kwa wakati wake, na zikaendelea kuishi vizuri ndani ya jani. Koo zingine ziliupata kwa kupokea jeni kutoka kwa bakteria wengine. Kwa hiyo kati ya madoa na kifo cha mmea, umbali unaweza kuwa mdogo sana.

Jaribio lile lilikuwa kwa shayiri, si kwa mgomba. Lakini bakteria wa mgomba naye anatembea ndani ya mirija, njo maana panga inamubeba pamoja na utomvu. Nilimwambia mama mdogo: ukikata mgomba mgonjwa, pitisha panga kwenye moto kabla ya kugusa mwingine. Ua dume uliondoe kwa fimbo yenye panda, si kwa panga.

Na wewe, kwenu wanafanyaka je? Tuambizane.