Titi la mama hupunguza makali ya sindano kwa kichanga

Na Mwandishi Wetu

NI saa mbili asubuhi, siku ya chanjo. Katika kituo kimoja cha afya hapa Mabanda, kwenye njia ya kuelekea mpaka wa Mugina, mabenchi yamejaa akina mama wenye watoto mgongoni. Mlango wa chumba cha sindano umefungwa, lakini vilio vinavyotoka ndani vinasikika hadi barabarani, na kila kilio kinapopanda akina mama walio nje wanatazamana bila kusema neno.

Jirani yangu, aliyerejea nchini kutoka kambi ya Nduta na ambaye sasa anauza mawese na dagaa anaovusha kutoka upande wa Manyovu, amempakata bintiye wa wiki 12. Alitakiwa kumleta alipokuwa na wiki 10.

"Dada, ile sindano ya kwanza alilia mpaka pumzi ikakatika," ananiambia kwa sauti ya chini. "Tarehe ya pili ilipofika nikaona afadhali nivuke nikachukue mzigo."

Sikumlaumu. Mwaka 2009, mwaka mmoja baada ya familia yetu kurudi kutoka Mtabila, mtoto wangu wa kwanza alizaliwa na siku ya tatu akageuka manjano. Alichukuliwa damu kisiginoni asubuhi, jioni, na kesho yake tena. Kila mara niliambiwa nisubiri nje, nami nikasubiri, titi likichuruzika maziwa hadi kanga ikalowa. Mama mkwe alinituliza kwamba mtoto akilia anakomaza mapafu. Nilikuja kufahamu miaka mingi baadaye kwamba yale maziwa yaliyokuwa yakimwagika kwenye kanga ndiyo yaliyohitajika kule ndani.

Ndugu msomaji, usidhani kwamba ni bibi zetu peke yao waliodhani kilio cha kichanga si kitu. Hadi miaka ya 1980, madaktari wengi wa nchi zilizoendelea waliamini kwamba mishipa ya fahamu ya mtoto mchanga haijakomaa kiasi cha kuhisi maumivu. Mwaka 1985, mjini Washington nchini Marekani, mtoto njiti aliyeitwa Jeffrey Lawson alifanyiwa upasuaji wa mshipa ulio karibu na moyo akiwa amepewa dawa ya kulegeza misuli tu, bila ya kuzuia maumivu. Hakuweza kulia wala kujitikisa. Alifariki wiki chache baadaye, na mama yake, Jill Lawson, alipogundua ukweli hakunyamaza. Mwaka 1987, Dk. Kanwaljeet Anand na wenzake wa Oxford, Uingereza, walionyesha kuwa njiti waliopewa dawa halisi ya maumivu wakati wa upasuaji walipona vizuri zaidi kuliko wasiopewa. Tangu hapo mjadala ulianza kugeuka.

Lakini upasuaji ni jambo moja, na sindano ya chanjo au tone la damu la kisiginoni ni jambo jingine. Huwezi kumpa kichanga dawa kali kwa maumivu ya dakika moja. Hapo ndipo watafiti walipomrudia mama.

Mwaka 2000, Dk. Larry Gray na wenzake wa Boston walichapisha matokeo ya utafiti wa watoto wachanga 30 waliotobolewa kisigino. Waliokuwa wamelazwa kifuani kwa mama zao, ngozi kwa ngozi, walilia kwa asilimia 82 pungufu kuliko waliolazwa kitandani wakiwa wamefungwa nguo. Miaka mitatu baadaye, huko Ufaransa, Dk. Ricardo Carbajal na timu yake waliwapima watoto 180 waliotolewa damu kwenye mshipa. Walionyonyeshwa wakati wa sindano walionyesha maumivu kidogo sana, sawa na waliopewa maji ya sukari na chuchu ya bandia. Hata hivyo, waliopakatwa tu na mama zao, bila titi, hawakuwa na nafuu kuliko waliopewa maji matupu.

Jambo hilo la mwisho lilinishangaza, kwa kuwa wengi wetu tunadhani kumpakata mtoto kunatosha. Kumbe kinachofanya kazi ni mambo kadhaa yanayokutana: kunyonya kwenyewe, utamu wa maziwa ulimini, joto la ngozi na harufu ya mama. Nguo nzito ikikaa katikati, sehemu kubwa inapotea.

Muda nao una maana. Titi litolewe dakika chache kabla ya sindano, mtoto awe ameshika vizuri na anameza, kisha aendelee wakati sindano inaingia na baada ya hapo. Kumpa titi wakati ameshaanza kulia ni kumbembeleza, si kumkinga. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilishauri hivyo hivyo kwa chanjo: mtoto anyonye wakati wa sindano au muda mfupi kabla yake, na ashikwe na mzazi badala ya kulazwa. Chanjo ya matone ya kuzuia kuhara itangulie, na sindano inayouma zaidi iwe ya mwisho. Kupaka au kusugua pale panapochomwa hakukushauriwa, wala kumpa mtoto paracetamol kabla ya sindano kwa nia ya kuzuia maumivu.

Na kwa njiti asiyeweza kunyonya? Njia ya kangaruu, iliyoanzia Bogotá, Colombia, mwaka 1978, inafaa hapa pia. Mtoto anavuliwa nguo, anabaki na nepi na kofia, anawekwa kifuani. Baba naye anaweza, kifua chake ni ngozi kama ngozi nyingine. Ikishindikana, mtu amshike mtoto kwa mikono miwili, mmoja kichwani na mwingine miguuni, akimkunja kama alivyokaa tumboni. Haigharimu hata faranga moja.

Naomba nitoe tahadhari, maana najua tabia zetu. Maji ya sukari yaliyotumika Ufaransa ni kipimo cha hospitali, matone machache ulimini. Si ruhusa ya kukoroga sukari kwenye kikombe nyumbani, kwani mtoto wa chini ya miezi 6 anahitaji maziwa ya mama tu. Na asali asipewe kabisa mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja, kwa sababu inaweza kubeba vijidudu vya sumu inayolegeza misuli hadi kupumua kukawa shida.

Kwa wanaovuka mpaka kila wiki, kadi ya chanjo isiachwe nyumbani. Wiki 6, 10 na 14 ndiyo ratiba ya sindano hizi Burundi, na ndiyo ratiba ya Tanzania pia. Kadi ya jirani yangu ni ya kule kule Nduta, na muuguzi wa hapa aliisoma bila tatizo.

Zamu yetu ilipofika niliingia naye. Muuguzi, mama wa makamo, alielekeza kidole kitandani. Nikamwamkia, nikamwomba mtoto achomwe akiwa ananyonya.

"Atapaliwa huyu," alisema.

Hofu hiyo ni ya wauguzi wengi, ingawa tafiti za kunyonyesha wakati wa sindano hazikuonyesha watoto kupaliwa. Nilimwambia hivyo kwa adabu. Akafikiri, akavuta kiti. "Haya mama, kaa hapa. Lakini mguu uushike vizuri, usitetereke."

Mtoto alipewa matone, kisha akanyonya. Sindano ya kwanza ilipoingia paja la kulia, alisita, akakunja uso, akaendelea. Ya pili, paja la kushoto, ilimtoa kwenye titi na akalia kweli. Siwezi kusema hakuumia. Lakini alilirudia titi kabla muuguzi hajamaliza kuandika kadi, na jirani yangu akanitazama kana kwamba nimemdanganya mara ya kwanza kwa kutomwambia mapema.

Tulipokuwa tunafunga mtoto mgongoni, muuguzi alifungua mlango na kumwita anayefuata.

"Ingia mama. Anza kumpa titi, mimi nitasubiri."